Maji ya Nyumbani na Yule Anayeyabeba

  

Wanafunzi wetu wapendwa, pamoja na wazazi mtakaousoma au kusomewa ukurasa huu nyumbani, mwaka huu sisi walimu tumeona tuandike juu ya maji. Hatukusudii mlango wa maji katika kitabu cha fiqhi. Huo mnausoma kila mwaka, na aina za maji mnazitaja kwa moyo siku ya mtihani mpaka tunafurahi. Tunakusudia maji yaliyomo katika pipa la jikoni, katika ndoo ya bafuni na katika koki za hapa madrasa, yale ambayo mtihani hauyaulizi.

Mji wetu wa Tabora haukujaaliwa mto mkubwa wa kutiririka mwaka mzima. Mvua zetu huanza kiasi cha mwezi Novemba na kumalizika Aprili, na baada ya hapo tunakaa karibu miezi sita tukitazama mbingu. Wazee wetu waliishi kwa visima na madimbwi. Baadaye mji ukategemea mabwawa, hasa bwawa la Igombe, na kiangazi kilipokuwa kirefu kina cha bwawa kilishuka na bomba likawa linatoa upepo. Sisi tuliosoma chuoni miaka ile tunakumbuka kuamka kabla ya alfajiri kuwahi foleni ya kisima, ndoo zikiwa zimepangwa kama maamuma. Kisha, karibu na mwaka 2020, maji ya Ziwa Victoria yaliletwa hadi kwetu kwa bomba, kutoka chanzo cha Ihelele mkoani Mwanza, yakipita Solwa na Nzega. Alhamdulillah, hiyo ni neema kubwa. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 200, na ziwa liko chini kuliko mji wetu, kwa hiyo maji hayaji yenyewe kwa mteremko. Yanasukumwa kwa mitambo na umeme, yanasafishwa, ndipo yanafika kwenye koki ambayo mtoto wa darasa la Juzuu Amma anaifungua, anajisahau, anaanza kuzungumza na mwenzake huku maji yakimwagika.

Mtoto huyo hatumlaumu sana. Kitu kinachotoka kwa kugeuza vidole viwili ni vigumu kukiona kuwa kina thamani. Ndiyo maana tukaona tuwasomeshe somo hili kwa njia ya mizigo, kwa sababu mizigo ni habari ambayo mji huu unaijua kuliko miji mingi.

Tabora ulikuwa mji wa misafara. Watu wa pwani na Waarabu waliotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji walipumzika hapa Unyanyembe, na pale Kwihara mpaka leo lipo tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872, ambalo baadhi yenu tulikwenda nao kulitazama. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kaze, yaani hapa kwetu, mwezi Novemba mwaka huo huo. Miezi mitano takriban. Waliobeba mizigo katika njia hiyo walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, babu za babu zenu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 hivi, begani au kichwani.

Katika njia hiyo maji ndiyo yaliyoamua mwendo wa msafara. Ugogo wasafiri walinunua maji kwa nguo na shanga. Kabla ya kufika Ugogo kulikuwa na nyika ya Marenga Mkali, na baada ya Ugogo, kuja upande wetu, kulikuwa na pori la Mgunda Mkali. Majina yenyewe yanatosha kumfanya mtu amalize kibuyu chake. Kwa sehemu kama hizo wasafiri walikuwa na utaratibu wao waliouita kutirikeza: mnapika na kunywa mchana penye maji, mnajaza vibuyu, mnaondoka jua likipinda, mnalala porini pasipo na tone, na kabla ya mapambazuko mnaondoka tena mpaka mfike kisima cha mbele. Usiku ule wa katikati kila mtu alikuwa na alichokibeba tu. Hakuna aliyenawa kwa kumwaga. Na Waislamu waliokuwamo katika misafara waliijua rukhsa ya kutayamamu, ambayo nayo ilishuka safarini, pale msafara wa Mtume (S.A.W.) ulipokesha mahali pasipo maji kwa sababu ya kutafuta kidani cha Bibi Aisha (R.A.).

Sasa turudi madrasa. Tuliwauliza wanafunzi wa darasa la kati: dumu la lita 20 likijaa lina uzito gani? Wengi walisema kilo tano, mmoja akasema kilo 50 na akachekwa. Jibu ni kilo 20, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, na hapo bado uzito wa dumu lenyewe. Yaani msichana wa miaka 12 anayejitwisha dumu anabeba thuluthi mbili za mzigo wa mpagazi wa Bagamoyo. Mpagazi alikuwa mwanamume mzima, tena mwenye ujira.

Baada ya hapo tukawapa kazi ya wiki moja. Kila mwanafunzi achore jedwali kwenye daftari, aandike kila siku nyumbani kwao yametumika madumu mangapi, na kila dumu limebebwa na nani. Penye bomba ndani, ahesabu ndoo. Tulitarajia kujifunza jambo juu ya kiasi cha maji. Tulichokipata zaidi kilikuwa katika ile safu ya pili. Katika nyumba zisizo na bomba uani, daftari baada ya daftari, aliyeandikwa kuwa amebeba ni dada, mama, dada, mimi (na huyo "mimi" ni msichana), shangazi, dada. Wavulana walijitokeza mara chache, wengi wao kwa baiskeli na wengi wao siku ya Ijumaa. Mvulana mmoja mkweli sana, Mungu amzidishie, aliandika wiki nzima "sijui, nimekuta yapo".

Yupo mwanafunzi wetu wa kike ambaye hatutamtaja. Ana hifdhi nzuri na sauti nzuri, na kwa miezi kadhaa alikuwa anafika darasani wenzake wakiwa wamekwishasoma nusu ya zamu. Alikuwa amesimama katika juzuu ya tatu kwa muda mrefu. Daftari lake lilionyesha madumu manane kila siku, manane yote yeye, kutoka bomba la jirani anayeuza kwa dumu. Safari nane za kwenda na kurudi baina ya kutoka skuli na adhana ya Alasiri. Mwalimu wetu wa darasa la wasichana alikwenda nyumbani kwao, akakaa na mama yake jikoni, wakahesabu pamoja yale madumu manane yanakwenda wapi.

Mawili yalikuwa ya kupikia na kunywa, na hayo hayana mjadala. Moja na nusu lilikuwa la vyombo, kwa sababu vyombo vilisuuzwa kimoja kimoja kwa kumiminiwa badala ya kuchovywa katika beseni la pili. Kuoga yalikwenda mawili na zaidi. Choo kilimwagiwa maji safi yale yale ya kununua, na sakafu ilipigwa deki kwa maji safi. Maji ya kusuuzia nguo, meupe kabisa, yalimwagwa nje ya mlango.

Wakapanga upya. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yakawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, ndiyo ya choo na deki. Maji ya kuoshea mchele na mboga yakaenda kwenye mchicha nyuma ya nyumba. Vyombo vikapata mabeseni mawili, la kuoshea na la kusuuzia. Kila anayeoga akapewa kopo na nusu ndoo. Kwa utaratibu huo nyumba ile ikashuka mpaka madumu matano. Safari tatu zimepungua. Tunaomba wazazi wazitazame safari tatu hizo kwa jicho la mwanafunzi: ni kilo 60 zilizoondoka kichwani mwake na muda uliorudi mkononi mwake, kila siku. Fedha ya madumu matatu nayo ilibaki, lakini sisi tulilolitaka ni lile saa.

Kuna jambo la kifiqhi ambalo limewatatiza baadhi ya wazazi, nalo ni kama inafaa kuyatumia tena maji yaliyokwisha kutumika. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyasomesha hapa, maji machache yaliyotumika katika udhu au josho la faradhi ni twahir katika nafsi yake ila hayatwaharishi. Maana yake huwezi kuyatumia kutawadha mara nyingine, wala kuondoa najisi iliyo kwenye nguo ya kuswalia. Lakini kumwagilia mti, kulowanisha vumbi la uani au kumwagia choo hakuna kizuizi. Ama maji yaliyofuliwa nepi za mtoto au kitu chenye najisi, hayo msiyapeleke kwenye mchicha, yamwageni chooni. Tofauti hii mtoto wa miaka 10 anaielewa akielezwa mara moja, na akiielewa atawafundisha wa nyumbani.

Upande wa udhu wenyewe, tumefanya jaribio ambalo wanafunzi wamelipenda. Katika hadithi ya Anas (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim imetajwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akikoga kwa swaa moja mpaka mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikikusanywa pamoja, na mudi nne ni swaa moja, kama vile kwetu vibaba vinne ni pishi moja. Kwa vipimo vya leo mudi haifiki lita. Tukachukua chupa ya maji ya lita moja, tukaijaza ikabaki pungufu kama robo, tukamwambia mwanafunzi mmoja atawadhe kwa hiyo mbele ya darasa. Akatawadha kikamilifu, mara tatu tatu, na yakabaki ya kulowanisha vidole. Kisha mwingine akatawadha kwenye koki kama anavyotawadha siku zote, tukiwa tumeweka ndoo ya lita 10 chini yake. Ndoo ilijaa hajafika kichwani. Darasa zima lilinyamaza. Hata sisi hatukutegemea ndoo ijae mapema namna ile.

Imepokewa pia na Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) alimpitia Saad (R.A.) akitawadha, akamuuliza juu ya israfu ile, na Saad aliposhangaa kama katika udhu kuna israfu, akajibiwa kuwa ipo, hata ukiwa kwenye mto unaopita. Baadhi ya wanazuoni wameidhoofisha isnadi ya hadithi hii, nasi tunawaambia wanafunzi hivyo hivyo ili wazoee uaminifu katika kunukuu. Lakini maana yake inashikwa na ile ya Anas, na katika Suratul Aaraf aya ya 31 Mwenyezi Mungu ametukataza israfu katika kula na kunywa. Wanazuoni wetu nao wamekubaliana kuwa kuzidisha juu ya mara tatu bila sababu kunachukiza. Enyi wenye wasiwasi, mnaoosha mkono mara saba kisha mnauliza kama maji yamefika kwenye kiwiko: yamefika.

Siku hizi hapa madrasa kila koki ina kopo lake. Mwanafunzi anajaza kopo, anafunga koki, anatawadha kwa kumimina. Na kwa kumimina unasalimika pia na lile suala la kutumbukiza mkono katika maji machache, ambalo wanafunzi wa fiqhi ya juu hulijadili mpaka vipindi vinaisha.

Si kila mzazi aliyetuelewa. Mmoja alituambia waziwazi kwenye mkutano: "Ustadhi, kwangu bomba liko uani na bili ninalipa mimi. Maji yakimwagika hasara ni yangu, msimsumbue mwanangu." Tunamheshimu, na alisema kwa adabu. Lakini maji yaliyopita kwenye mita yake yametoka kwenye bomba lile lile linaloendelea mpaka kwa jirani, na msukumo ukiwa mdogo anayekosa ni wa nyumba ya mbele, si yeye. Katika hadithi ya Abu Daud maji yametajwa pamoja na malisho na moto kuwa ni vitu ambavyo Waislamu ni washirika ndani yake. Kuna na hili: mtoto aliyezoea kwa baba yake kuacha koki wazi ataiacha wazi msikitini, ambako maji ni ya wakfu na anayelipa bili ni muumini aliyetoa shilingi zake ili watu waswali. Hapo hasara si ya mzazi tena. Mzazi yule hakujibu, ila baada ya siku chache mwanawe alitueleza kuwa koki ya uani iliyokuwa inavuja imebadilishwa mpira wake wa ndani.

Koki kuvuja kuna hesabu yake, na wanafunzi wa darasa la juu waliifanya wenyewe. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukikadiria matone 4,000 kuwa lita moja, unapata lita 21 na zaidi. Dumu zima kila siku, usiku mkiwa mmelala.

Jambo la mwisho ni mvua, ambayo tumezoea kuisubiri kisha kuiacha ipite. Tembe za wazee zilikuwa na paa la udongo, hazikuweza kuvuna maji safi. Sisi tuna mabati. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la madrasa yetu lina mita 12 kwa 6, yaani mita za mraba 72. Mvua moja ya milimita 20, ambayo kwa Tabora katika mwezi wa Desemba si ajabu, inatupa lita 1,440 tukiacha kuhesabu zinazopotea kidogo. Hayo ni madumu 72, bila mtu kujitwisha. Mvua ya kwanza iachwe iende, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, na mdomo wa tangi ufungwe kwa kitambaa cha wavu ili mbu wasizaliane humo. Maji hayo ni ya kutawadhia, kufulia na usafi, na atakayetaka kuyanywa ayachemshe.

Tangi la plastiki tumelipata kwa wakfu wa mzazi mmoja aliyetaka thawabu ziende kwa marehemu mama yake, kama alivyofanya Saad bin Ubada (R.A.) alipochimba kisima kwa ajili ya mama yake. Gata za upande wa mashariki zimefungwa. Za upande wa magharibi bado, tunahitaji mita 12 za gata na vishikio vyake kabla ya Novemba, na fundi amejitolea ufundi bila malipo. Mwenye mabaki ya gata nyumbani ayalete hata kama yana kutu kidogo, yatapigwa rangi.

Yule mwanafunzi wetu yumo sasa katika juzuu ya tano. Matatu kati ya yale madumu matano anabeba kaka yake kwa baiskeli, baada ya mwalimu kumwomba baba yao alitazame lile daftari. Mwaka ujao tutalirudia jedwali, na safu ya pili tutaisoma mbele ya wazazi wote kwenye Maulidi, bila kutaja majina, Insha-Allah.